Aya ya Thelathini na Moja

Ruiru, Jumatatu, 10 Machi 2025

Mvua ya kwanza ya masika imenyesha leo alasiri kwa dakika ishirini na mbili, kisha jua likarudi. Nimefungua daftari hili kwa sababu mbili. Tangu nistaafu siku zangu zimeanza kufanana, na siku zinazofanana hukumbukwa vibaya. Sababu ya pili ni Lynn.

Lynn ni mtoto wa marehemu dada yangu. Mwezi wa Januari alifungua ofisi yake ya uwakili mjini Thika, chumba kimoja juu ya duka la mabati, na kila Jumapili huja kula kwangu na kunisimulia kesi zake huku mdomo umejaa chapati. Mdomo uliojaa siupendi. Kesi nazipenda, na yeye nampenda zaidi ya inavyofaa kumwambia.

Mimi sikuwahi kuwa wakili. Kwa miaka thelathini na mmoja niliandika mihtasari ya hukumu za rufaa katika shirika dogo la uchapishaji ambalo siku hizi halipo. Jambo likishaamuliwa na majaji wa rufaa, mahakama za chini hulifuata, hazina hiari. Lakini hukumu huweza kuwa na kurasa arobaini, na hakimu ana kesi thelathini asubuhi moja. Kwa hiyo mbele ya kila hukumu tulitanguliza ukurasa mmoja unaoeleza kilichoamuliwa. Ukurasa huo ndio nilioandika mimi. Chini yake ziliwekwa herufi za mwandishi: W.N., yaani Waruguru wa Njoki. Hakuna aliyewahi kuuliza W.N. ni nani, na hilo nililihesabu kuwa sifa ya kazi nzuri.

Jumapili, 16 Machi

Lynn amefika saa saba, viatu mkononi kwa sababu ya tope.

"Tata, hii kesi ya Kalimoni nashinda. Asubuhi na mapema."

"Wakili hashindi kesi mezani kwa shangazi yake. Eleza."

Ameeleza. Mteja wake anaitwa Mwelu, mama wa miaka hamsini na kitu, mwenye kitalu cha miche ya avokado. Mwaka 2006 alifika Kalimoni kwa mzee Gachau, akakuta shamba la miti iliyozeeka. Akaikata, akaipandikiza upya, mti mmoja mmoja, mpaka shamba likarudi kuwa shamba. Mzee akamwonyesha robo ekari karibu na mto, akamwambia ajenge na aweke kitalu chake hapo, kwa kuwa hapo ni pake Mwelu, mzee akiwa hai na hata akifa. Mwelu akajenga nyumba ya mawe, akachimba kisima. Hakuna aliyeandika chochote. Mzee amefariki, na mwanawe Kagwe anataka kuliuza shamba lote likatwe maploti.

"Ahadi ina shahidi?"

"Mke wa mzee mwenyewe! Gathoni. Mamake Kagwe. Amesimama kortini akasema, 'Niliskia na masikio yangu, nilikuwa nachambua maharagwe.' Hata wakili wao hakumuuliza swali."

Nimeomba kuona rasimu ya hoja zake za maandishi. Amenukuu hukumu kumi na moja.

"Hizi zote umezisoma?"

"Nimezisoma... juu juu."

"Juu juu ni wapi?"

"Tata, aki. Ile page ya kwanza."

Nimemweleza, kwa utulivu ambao yeye aliuita ukali, kwamba muhtasari ni wa kukuonyesha njia ya kwenda kwenye hukumu. Kinachoifunga mahakama ni sababu ambayo majaji waliitegemea kuamua, na sababu hiyo imo ndani, katika aya zao wenyewe. Wakili anayenukuu muhtasari ni sawa na mtu anayetoa ushahidi wa harusi kwa kuonyesha kadi ya mwaliko.

"Lakini zako ziko sawa, Tata. Zako huwa naamini."

Nilifurahi. Naliandika hilo kwa sababu daftari lisilo la kweli halina haja ya kuwekwa.

Jumatano, 19 Machi

Mvua tangu alfajiri. Umeme umepotea mara tatu.

Jumapili, 23 Machi

Lynn amemleta Mwelu. Ni mwanamke mfupi, mwenye vidole vilivyokatwakatwa na kisu cha kupandikizia, naye aliketi kwenye ukingo wa kiti kana kwamba kiti ni cha mtu mwingine. Ameniletea mche wa avokado ndani ya mfuko mweusi.

"Madam, huu usiuweke maji mingi. Ukiona majani inalegea, usishtuke. Unakuuliza tu kama uko."

Nilimuuliza kwa nini hakutaka maandishi kwa mzee Gachau.

"Nimuulize karatasi, na yeye ananipatia kikombe cha chai na mkono wake? Ningemwonyesha simwamini."

Lynn alinikonyeza. Anajua nina neno juu ya watu wasioandika. Nimeupanda mche karibu na tangi.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua. Mche umelegea. Sikushtuka.

Ijumaa, 4 Aprili

Lynn amekuja katikati ya wiki bila kupiga simu, na hakuvua viatu. Amenipa hoja za upande wa pili, zilizoandikwa na Bw. Wambua, wakili mzee wa Thika ninayemfahamu kwa jina na kwa adabu yake.

"Wameleta Maluki," alisema. "Ile yako."

Niliifahamu kabla ya kufungua. Maluki ni hukumu ya Mahakama ya Rufaa ya mwaka 1998, na muhtasari wake niliuandika mimi. Bw. Wambua ameunukuu hoja ya tatu na mstari wa mwisho: *Mtu aliyeingia katika ardhi kwa ruhusa ya mwenyewe hawezi kamwe kuidai, hata akikaa humo miaka mingapi. Rufaa imekubaliwa kwa sehemu.* Kisha ameorodhesha hukumu zilizoifuata. (Maneno haya yote yalikuwa ya Kiingereza. Hapa nayaandika kwa Kiswahili, lugha ambayo sikuruhusiwa kuitumia kazini na ambayo kwa hiyo bado ina raha.)

"Ngoja nielewe," Lynn alisema. "Mtu akivamia shamba, akae miaka kumi na mbili bila kufukuzwa, sheria inamsikiliza. Mwelu aliingia na adabu, akakaribishwa chai, ndio ashindwe?"

"Ndivyo hukumu inavyosema, nayo inamfunga jaji wa Thika. Umekwama hapo. Mwandikie Bw. Wambua, omba mwaka mmoja ili mama aondoe miche yake kwa utaratibu."

"Miche inaondoka. Ile miti mama ya kukatia vikonyo vya kupandikiza ataing'oa aje? Na nyumba? Na kisima?" Alisimama. "Tata, wewe uko upande gani?"

"Upande wa sheria."

"Haya. Isalimie."

Aliondoka bila kula. Nimekula maharagwe ya njahi peke yangu.

Jumatatu, 7 Aprili

Ili Lynn aone kwamba sikumwambia kwa ukatili, nimeanza kumtengenezea jedwali la hukumu zote zilizoitegemea Maluki: tarehe, mahakama, ukweli wa kesi, maneno yaliyonukuliwa. Nimepata kumi na nne. Kazi hii inanituliza kuliko dawa ya presha.

Jumatano, 9 Aprili

Naandika saa nne asubuhi, baada ya kunywa chai na kurudi kusoma mara ya tatu, ili nisiandike kwa hasira.

Nilipojaza safu ya maneno yaliyonukuliwa, niliona kwamba hukumu zote kumi na nne zimenukuu sentensi moja, na zote zimesema: "kama walivyosema majaji katika Maluki." *Hawezi kamwe. Hata akikaa humo miaka mingapi.* Nilikuwa nimefika ya tisa nilipotambua tatizo. Majaji wale watatu hawakuandika hivyo. Walikuwa waandishi wa tahadhari. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusema "kamwe". Hiyo ni sauti yangu.

Nilitoa kitabu cha 1998 kabatini na kufungua hukumu yenyewe. Aya ya thelathini inasema: *Aliyeingia kwa ruhusa hawezi kuidai ardhi kwa kupita kwa miaka peke yake.* Peke yake. Kisha aya ya thelathini na moja: *Hayo hayamhusu yule aliyeahidiwa na mwenye ardhi kwamba itakuwa yake, akaiamini ahadi hiyo, na kwa kuiamini akajenga na kuwekeza maisha yake humo. Huyo hadai kwa miaka. Anadai kwa ahadi, na mahakama haitawaruhusu warithi waivunje.*

Maluki alikuwa akidai vipande viwili. Cha bondeni alikuwa akilishia mifugo kwa ruhusa tu, na alishindwa. Cha juu aliahidiwa, akajenga, na alishinda. Hiyo ndiyo maana ya "rufaa imekubaliwa kwa sehemu". Maneno yale yamekaa pale miaka ishirini na saba, na hakuna hata mmoja aliyeuliza: sehemu gani?

Nami nakumbuka. Kanuni yetu ilikuwa muhtasari usivuke ukurasa mmoja, kwa kuwa jaji akiwa kitini hafungui ukurasa wa pili. Ilikuwa Ijumaa, mpiga chapa akisubiri. Muhtasari wa Maluki ulikuwa na hoja nne na ulizidi kwa mistari minne. Nikajiambia kwamba aya yenyewe imo ndani, atakayeitaka ataisoma. Nikaikata hoja ya nne. Ili ya tatu isimame vizuri bila mwenzake, nikaiongezea neno "kamwe". Ukurasa ukakaa sawa kabisa. Nakumbuka niliutazama kwa raha.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Lynn amepiga simu mara mbili. Sikuwa tayari kushika.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Nimepanga kabati la vyombo. Nimejiambia kwamba mtu mwingine yeyote aliyefungua kitabu angeona nilichoona. Ni kweli, na haisaidii.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Lynn amenipitia baada ya ibada. "Tata, kama umekasirika, kasirikia garini. Mwelu ametualika." Kwa hiyo nimeiona Kalimoni.

Nyumba ni vyumba viwili vya mawe, na mbele yake miche imepangwa kwa safu ambazo hata mimi sikupata pa kuzinyoosha. Nyuma iko miti mama, saba, minene. Mama Gathoni, mjane wa mzee Gachau, alikuwa ameketi jikoni akimenya viazi, kwa kuwa hushinda pale kuliko kwa mwanawe.

"Huyu Kagwe ni mtoto wangu na ninampenda," aliniambia, "lakini kichwa yake iliuzwa pamoja na ile ng'ombe ya baba yake."

"Mama, usimseme Pasaka," Mwelu alisema.

"Nimseme lini? Krismasi nilimaliza."

Tulicheka. Kisha nikaona kwamba nusu ya safu zimetiwa utepe mwekundu.

"Hiyo ndio ya kuhama," Mwelu alieleza, akimimina chai. "Lynn aliniambia ukweli, kwamba wewe madam umesema sheria ni hiyo. Nikasema basi, nianze mapema. Hii midogo itahama. Hiyo mikubwa nyuma, nitakata vikonyo niende navyo. Mti wenyewe utabaki."

Alisema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayemtajia mgeni saa ya basi. Aliamini kwa sababu aliyeyasema ni mimi.

Niliweka kikombe chini.

"Ondoa tepe," nilisema. "Lynn, keti. Nina jambo."

Niliwaeleza wote watatu, kwa mpangilio: aya ya thelathini, aya ya thelathini na moja, mistari minne, mpiga chapa, hukumu kumi na nne, neno "kamwe". Nilisema pia kwamba nimelijua tangu Jumatano ya wiki iliyopita bila kulitamka. Mvua ilianza na kupiga mabati, na ilinibidi nirudie sehemu hiyo ya mwisho kwa sauti kubwa, jambo ambalo nadhani nilistahili.

Lynn alikuwa ameziba mdomo kwa viganja. Nilidhani analia.

"Tata," alisema hatimaye. "*Wewe?* Wewe, mama wa 'soma mpaka mwisho'?"

"Mimi."

"Na ulikuwa unanipigia kelele juu ya kadi ya harusi!" Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, akaja akanikumbatia shingo kwa nguvu isiyo ya heshima. "Aki, nimekuogopa miaka yote hii. Kumbe unakosea kama mtu."

Mwelu hakucheka. Aliangalia nje, kwenye zile tepe nyekundu.

"Na hao wengine?" aliuliza. "Hao kumi na nne. Walihama?"

Nimeliandika swali hapa ili lisipotee.

Jumatano, 23 Aprili

Mahakama ziko likizo ya Pasaka, na Lynn amehamia mezani kwangu. Anabandika vikaratasi vya njano kila mahali. Kimoja nimekikuta kwenye sukari. Zamani ningeviita fujo. Leo nimeona kwamba kila kikaratasi kina namba ya aya.

Tatizo letu si Maluki yenyewe. Ukiifungua inajieleza. Tatizo ni hukumu ya sita katika jedwali langu, ya mwaka 2011, kwa sababu nayo ni ya Mahakama ya Rufaa. Nayo imenukuu sentensi yangu. Je, kosa la mwandishi likinukuliwa na majaji wa rufaa limegeuka kuwa sheria?

Tumebishana tangu saa tatu hadi chakula cha mchana. Lynn ndiye aliyeliona jibu.

"Tata, yule mtu wa 2011 alikuwa ameahidiwa?"

"La. Aliruhusiwa tu kuweka mizinga."

"Kwa hivyo hao majaji hawakuhitaji kusema kitu juu ya mtu wa ahadi. Mtu wa ahadi hakuwa kortini siku hiyo. Kilichomwangusha ni aya ya thelathini, na hiyo iko sawa. Hiyo 'kamwe' ilipita tu."

Ndivyo ilivyo. Jambo ambalo uamuzi haukulihitaji ni maneno ya pembeni, nayo hayafungi mahakama ya chini. Nilijua kanuni hiyo kabla Lynn hajazaliwa. Lakini yeye aliifikia kwa kumtafuta mtu aliyekuwa kortini, nami nilikuwa naitafuta kwa kutazama maneno. Nimempa nyama iliyobaki.

Ijumaa, 25 Aprili

Lynn amependekeza aandike kwamba "muhtasari una upungufu", bila kusema ni wa nani. "Herufi mbili tu, Tata. Nani atajua?"

Nimemwambia kwamba Bw. Wambua ataijibu hoja hiyo kwa swali moja: pengine mwandishi aliyajua ya majaji kuliko sisi? Tena ingekuwa mara ya pili kukata mistari ili ukurasa ukae vizuri. Nimeandika barua ya masahihisho, kurasa mbili, kwa jina langu kamili, na nakala kwa mahakama na kwa mawakili wote wawili. Lynn aliisoma akiwa amesimama.

"Hii, hata koma hausamehe."

"Koma hazikuwa na kosa."

Jumatatu, 5 Mei

Mvua kubwa. Barabara ya Kiuu imejaa maji. Mche una majani mawili mapya.

Thika, Jumanne, 13 Mei

Naandika katika hoteli iliyo mkabala na mahakama, mimi na Mwelu tukimsubiri Lynn amalize kuongea na karani.

Bw. Wambua alianza. Ana sauti ya mzee wa kanisa. "Mheshimiwa Jaji, miaka ishirini na saba; hukumu kumi na nne. Watu hununua ardhi na kuandika wosia wakitegemea kwamba sheria ya jana ndiyo ya kesho. Tukianza kurudi nyuma kila mara na kusema kwamba wote walisoma vibaya, nani atakuwa na hakika ya chochote?"

Hoja hiyo si ya kipuuzi. Ni hoja ambayo maisha yangu yote nimeisimamia.

Jaji Kaluki, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kwenye mnyororo, alimtazama kwa muda. "Wakili, wewe mwenyewe umeisoma aya ya thelathini na moja?"

Bw. Wambua akajibu jibu ambalo nitamheshimu kwalo daima. "Nimeisoma, Mheshimiwa. Juzi, baada ya kupokea barua. Kabla ya hapo, la."

Lynn alisimama. Niliona kwamba amevaa saa ya mama yake. Hakuinua sauti. Alisoma aya mbili, moja baada ya nyingine, polepole, kisha akasema: "Mheshimiwa, hakika anayoitaka mwenzangu ni nzuri. Lakini korti inafungwa na walichoamua majaji. Haifungwi na kile tulichozoea kufikiri waliamua. Mama Mwelu aliahidiwa, na hakuna aliyebisha. Mtu kama yeye alikuwa ndani ya Maluki tangu mwanzo, kwenye kile kipande cha juu. Alishinda. Sisi ndio tulisahau."

Haukuwa mtindo wangu. Ningetumia maneno mara tatu ya hayo, na yangekuwa na theluthi tu ya nguvu.

Kwenye baraza Kagwe alinisimamisha. Ni mwanamume wa makamo, mwenye macho ya mama yake.

"Mathe, wewe ndio uliandika hiyo kitu? Mimi nilikuwa nimeambiwa nimeshinda. Sasa ile ya kwanza ulikosea, na hii umeamua ndio sawa. Next year utaamua aje?"

"Sikuamua hata moja," nilimwambia. "Watu walidhani niliamua. Ndilo kosa lenyewe. Pole kwa matumaini uliyopewa."

Alitarajia nibishane. Alikuna shingo, akaenda kumshika mama yake mkono kwenye ngazi, kwa kuwa zilikuwa na maji.

Jumanne, 20 Mei

Manyunyu. Tunasubiri hukumu. Tunakula sana.

Thika, Alhamisi, 12 Juni

Hukumu imesomwa saa tano na robo. Nitaweka hapa sehemu moja tu, kama nilivyoinakili nikiwa nimeketi, na nimeilinganisha na nakala iliyopigwa muhuri:

*Mahakama hii inafungwa na Maluki, yote. Nimenufaika na barua ya mwandishi wa muhtasari, ingawa sikuihitaji ili kuamua. Nilihitaji tu kufungua ukurasa. Nakiri kwamba nami, katika hukumu ya mwaka 2019, sikuufungua.*

Hapo niliweka kalamu chini. Namba kumi na mbili katika jedwali langu ilikuwa hukumu yake. Nilikuwa nimeiona na sikumwambia Lynn, kwa kuwa wakili mchanga hastahili kubebeshwa hilo mbele ya jaji.

Robo ekari ni ya Mwelu. Ikatwe kutoka kwenye hati ya shamba na isajiliwe kwa jina lake.

Mwelu hakuelewa mpaka Lynn alipomwambia sikioni. Kisha alinijia, akanishika mikono yote miwili kwa vile vidole vyake. Hakuniita madam. "Mwaitu," alisema, kwa lugha ya kwao, jina analomwita mama. "Mwaitu, sasa nitaondoa tepe."

"Hukuwa umeziondoa? Nilikwambia Pasaka!"

"Uliniambia. Lakini ulikuwa umeniambia na ile ingine pia."

Mama Gathoni alicheka mpaka askari wa mahakama akatugeukia. Hata Kagwe alitazama chini ili kuficha kitu ambacho, kwa haki, hakikuwa hasira yote.

Jumapili, 15 Juni

Mvua zimekwisha. Asubuhi ni baridi na mawingu hayana nia.

Nimelimaliza jedwali. Kati ya kumi na nne, kumi na moja hawakuwa wameahidiwa chochote; wangeshindwa hata kama ningeandika vyema. Watatu waliahidiwa. Mmoja amefariki. Wa pili sijampata. Wa tatu anaitwa Kaleli, amepanga chumba hapa karibu, Kiuu. Yeye ndiye wa hukumu ya 2019. Lynn anasema kuna njia ya kuomba hukumu ipitiwe upya, nyembamba na yenye miiba. Tutamwendea Jumanne. Nitaanza mimi kuongea.

Baada ya chakula Lynn amenipa ombi. Mawakili wa Thika wana jarida dogo wanalotumiana kila mwezi, nao wanataka muhtasari wa hukumu ya Mwelu. Nafasi ni ukurasa mmoja. "Na waliuliza kama W.N. anaweza kuandika. Kwa jina lote."

Nimeketi mezani na kuandika. Nimeanza na aliyeahidiwa. Aliyeruhusiwa tu nimemweka wa pili, na "peke yake" nimeliacha mahali majaji walipoliweka. Lynn alisimama nyuma yangu akitafuna, makombo yakianguka begani mwangu. Nilipofika chini ya karatasi, ilikuwa imebaki mistari minne isiyo na nafasi.

"Tata, punguza kidogo iingie."

Nilimwambia aniletee karatasi nyingine.